Damu chooni kwa mjamzito isiitwe bawasiri tu

Ndugu mhariri, naomba nafasi kidogo. Mdogo wangu alianza kuona damu chooni mimba ikiwa na miezi minne, kliniki wakamwambia ni bawasiri, mimba ndo zilivyo, akapewa vidonge vya kuongeza damu akarudi nyumbani. Damu haikupanda, choo kikawa chembamba kama penseli, tumbo linamsokota usiku kucha na kila akilalamika jibu ni lilelile. Kaja kuambiwa ni kansa ya utumbo mpana mtoto ana wiki sita, ishafika kwenye ini.

Naelewa dalili zinafanana na za mimba, kufunga choo, uchovu, upungufu wa damu, lakini kumpima kwa kidole njia ya haja kubwa ni dakika ngapi jamani? Hata kipimo cha kamera mjamzito anaweza kufanyiwa ikibidi, na baadhi ya dawa za kansa zinatolewa mimba ikishavuka miezi mitatu. Na umri sio kinga, yeye ana miaka 31. Marekani 2021 walishusha umri wa kuanza kupima kutoka 50 hadi 45 kwa sababu vijana wanaougua wanaongezeka.

Manesi na madaktari wetu, mama akisema anaona damu chooni, mwangalieni.

Dada yake, Morogoro