Mwanangu, usifyatulie sauti

Sikonge, 6 Aprili

Mwanangu mpendwa,

Salaam sana. Sisi huku ni wazima wa afya, hofu na mashaka ni juu yako. Miaka yote nimeandika maneno hayo kwa sababu ndivyo barua inavyoanzwa. Safari hii naomba uyasome mara mbili.

Ujumbe wako ulitukuta banini, kwenye kibanda cha kukaushia, tunashusha tumbaku ya mwisho. Mdogo wako ndiye aliyetusomea. Alipofika pale unaposema unaenda kuwinda na marafiki watatu alicheka, akadhani unatutania, na mama yako naye akacheka. Mimi nikaomba simu nisome mwenyewe. Miwani sikuwa nayo, nikaishika mbali hadi mkono ukachoka. Batamzinga wa mwituni. Huko huko Marekani, jimbo la Missouri, msitu wa taifa uitwao Mark Twain, Jumatatu ya tatu ya Aprili, bunduki ya kuazima. Halafu mwishoni ukaweka kile kikatuni kinachocheka mpaka machozi.

Unasema hukuniuliza mapema kwa sababu ulijua nitajibu nini. Haya, ulijua. Ungeuliza hivyo hivyo.

Sikukatazi, mama. Una miaka yako 27, pango unajilipia, na cheti cha mafunzo ya uwindaji nimekiona. Nilikwenda nacho kwenye simu hadi ofisi ya chama cha msingi, karani akakisoma kwa sauti, wazee wakasema kumbe binti yako amekuwa askari wa wanyamapori. Sikuwasahihisha. Kwamba huko kila aliyezaliwa kuanzia 1967 lazima apite darasani ndipo auziwe kibali, hilo limenipendeza sana. Sisi tulifundishwa na mjomba kwa nusu saa, na sehemu kubwa ya hiyo nusu saa alikuwa anatafuta kiberiti.

Nimemwomba mdogo wako anieleze uwindaji wenyewe unavyokwenda katika hayo majira yenu ya kuchipua. Nimeelewa hivi, nawe unisahihishe. Wanaowindwa ni madume. Usiku wanalala juu ya miti, na alfajiri kabla hawajashuka wanapiga makelele kuwaita majike. Mwindaji anaingia gizani, anakaa chini ameegemea mti, nguo za rangi ya majani mwili mzima hadi usoni, anaiga sauti ya jike kwa kijisanduku cha mbao au kwa kitu cha kuweka mdomoni. Mbele yake kaweka sanamu ya jike. Na msitu ni wa umma, yaani yeyote mwenye kibali anaingia, hamjuani, hamkupangiana nani akae bonde lipi.

Basi niambie. Mtu aliye ng'ambo ya hilo bonde, giza halijaisha vizuri, amesikia jike anaita na haoni kitu ila majani. Anajuaje kwamba huyo jike si wewe?

Hilo ndilo swali langu. Mengine yote katika barua hii ni ya pembeni.

La pembeni la kwanza ni kupe. Umenitumia picha ya yule mwenye doa moja jeupe mgongoni, ukasema akikuuma unaweza kuanza kudhurika ukila nyama ya ng'ombe, mbuzi hata nguruwe. Nilidhani nimesoma vibaya. Mwanangu, sisi tunakusubiri urudi, mbuzi wawili wamekwisha kutajwa kwa jina lako, halafu ukae kwenye sherehe yako mwenyewe unatafuna kuku peke yako pembeni? Chomekea suruali ndani ya soksi. Nguo zipulizie hiyo dawa uliyosema. Jioni mkaguane na huyo rafiki yako wa kike, nyuma ya magoti na kwenye mstari wa nywele.

La pili ni ile miti ya zambarau. Mstari wa rangi ya zambarau kwenye mti maana yake shamba la mtu, usipite; umenieleza vizuri. Ila umelieleza kama mtalii. Msitu wa umma huko umechanganyika na mashamba ya watu, na ndege hajui mpaka. Akivuka, mwache avuke. Wenzako wakikosea njia wakakutana na mwenye shamba wataambiwa samahani, geukeni. Wewe sina hakika utaambiwa nini, na nawe huna hakika, usinidanganye. Tembea katikati yao, bunduki imefunguliwa haina kitu ndani, na salamu itangulie mapema, kwa sauti, kabla mtu hajashtuka.

Sauti ndiyo narudia. Ukiwa umekaa ukaona mwindaji mwingine anakuja upande wako, usimpungie mkono na usimpigie filimbi. Ongea kama mtu. Sema "niko hapa" kwa nguvu zako zote, ndege wote wa Missouri wakimbie, wakimbie tu. Mkono unaotoka majanini, kwa mtu ambaye tangu usiku anamfikiria batamzinga, ni shingo ya batamzinga.

Na rangi. Nimeangalia kichwa cha huyo dume kwenye picha uliyotuma: kipara, chekundu shingoni, buluu usoni, utosi mweupe. Nikaona huyu ni kanga aliyenenepa. Kanga wetu kichwani naye ana buluu hiyo hiyo na wekundu huo huo. Kwa hiyo usivae chochote chekundu, cheupe wala cha buluu, hata soksi, hata leso mfukoni, hata fulana ya ndani inayochungulia shingoni. Umesema nguo ya rangi ya chungwa, ile ya kuonekana na wawindaji wengine, ndege naye anaiona na kukimbia. Sawa, ukikaa ivue uifunge kwenye mti ulioegemea, juu ya kichwa chako. Ukitembea vaa. Unayo ile kanga ya mama yako uliyoondoka nayo, ya chungwa na nyeusi. Beba hiyo. Ukifanikiwa kumpata huyo ndege, mzungushie yote kabla hujamwinua, maana batamzinga aliyekufa begani mwa mtu anatembea sawasawa na aliye hai. Damu itatoka kwa maji ya baridi. Mama yako asijue.

Mti wenyewe uwe mpana kuliko mabega yako. Hili nadhani wamekufundisha. Nakuandikia hivyo hivyo.

Nyumbani hatujambo. Mvua imeondoka mapema kidogo, karanga tunazing'oa, mahindi ya bondeni yamesimama vizuri, ya juu ni ya kulishia kuku. Tumbaku mwaka huu ina rangi nzuri, tunangoja soko lifunguliwe, na kila mtu ameshagawa hela ambayo hajaipata. Bati mbili za jikoni ziliondoka na upepo, moja tumeiona kwa jirani, anasema ni yake. Goti la mama yako ni lile lile. Mdogo wako yuko kidato cha nne na anasoma zaidi simu kuliko vitabu. Ukiongea naye mwambie wewe, mimi amenizoea.

Ile hela ya betri ya sola uliyotuma Januari, betri haijanunuliwa. Mama yako anadhani fundi ananizungusha. Niliipeleka kwa baba yako mdogo. Mguu umemwanza tena, ulivimba hadi suruali ikawa haipiti, ikabidi twende naye hospitali, Tabora mjini. Wakampiga picha. Daktari ni kijana wa umri wako. Akaiinua kwenye mwanga wa dirisha, akawa anahesabu kwa ncha ya kalamu. Saba. Vidoa vyeupe, vimetawanyika juu ya goti kama punje za mtama. Akauliza hivi ni nini. Baba yako mdogo akasema ni mambo ya zamani, alianguka kutoka juu ya mninga akilina asali. Daktari akatutazama wote wawili. Akasema, "Mzee, nyuki wa Sikonge wana vyuma?"

Hadithi ya mninga unaijua, umekua nayo. Niliitunga mimi, njiani, nimembeba mgongoni. Alikuwa na miaka kumi na minne. Ilikuwa kiangazi, majani makavu yamejaa chini, gobori la mjomba nimelishika mimi kwa kuwa ndiye mkubwa. Nilimwambia azunguke awafukuze kanga waje upande wangu. Hakuzunguka mbali kama nilivyodhani. Nikasikia majani, chakara, chakara, kanga kabisa anavyochakura. Nikaona vidoa vyeupe kwenye kitu cheusi. Lilikuwa shati. Moshi ulipopungua yule kanga akaita, "Kaka."

Hapo sitaongeza.

Mlipokuwa wadogo mlikuwa mnaniuliza kwa nini nawaacha kanga wanamaliza mtama na mimi nakaa kuwatazama. Nikawa najibu serikali imekataza. Ni kweli imekataza, mnyama wa porini ni mali ya taifa na bila kibali unafungwa. Jibu lilikuwa sahihi, ndiyo maana nililipenda.

Kwa hiyo mama, usifyatulie sauti. Wala rangi. Hata ukiwa umekaa tangu saa kumi na moja na miguu imekufa ganzi, hata wenzako wamepata wewe bado, subiri umwone mzima. Zile ndevu zinazoning'inia kifuani zione kwa macho yako. Kichwa kione, na shingo, na miguu inakanyaga chini. Halafu angalia nyuma yake kuna nini. Ukiwa na shaka kidogo tu, mwache aende. Atarudi mwakani, au atarudi mwanawe. Nakuogopea wewe kupigwa, hilo umelielewa tangu mwanzo wa barua. La kwamba wewe ndiye upige, ukae nalo miaka arobaini na kitu, ukilipia hospitali kwa hela ya betri, hilo nilikuwa sijui nitaliandikaje.

Umeniandikia pia kwamba ndege hao walikuwa wamekaribia kwisha huko Missouri, na katika miaka ya 1950 wakawa wananaswa kwa nyavu na kuhamishiwa kaunti nyingine, hadi 1960 msimu ukafunguliwa tena. Na kwamba kwa sheria ya 1937 kodi ya bunduki na risasi inarudi kuwatunza wanyama. Nimelifikiria sana nikiwa banini. Ugalla hapa jirani yetu imekuwa hifadhi ya taifa tangu 2019, na mtu wa kijiji chetu akionekana huko na gobori, kesi. Wewe unaingia msitu wa taifa wa watu na shotigani, na askari akikukuta anatazama kibali, anakusalimia. Na kibali hicho hicho ndicho kinachomruhusu mwenye viza ya masomo kuishika bunduki, umesema. Basi kilaminishe. Kisilowe, kisisahaulike kwenye gari. Viza yenyewe ndiyo tuliyouzia ng'ombe wanne.

Mama yako anauliza nyama ya huyo ndege ikoje, kama ya kanga au kama ya bata. Anasema usiichome, itakauka. Katakata, chemsha na tangawizi na chumvi hadi ilainike, ndipo uikaange na nyanya, na mwisho karanga za kusaga. Karanga tutakutumia akitokea mtu wa kuja huko.

Sasa nisikilize saa. Saa kumi na moja alfajiri yenu, mkiwa mnaingia msituni, kwetu ni saa saba mchana, nitakuwa nakula. Umesema kwenye ardhi ya umma huko mwisho wa kuwinda ni saa saba mchana. Hiyo kwetu ni saa tatu usiku. Najua mabondeni hakuna mtandao, umeshasema. Kapandeni barabarani. Sitaki picha ya ndege, sitaki maelezo, andika neno moja, "nimetoka". Simu nitakuwa nimeichaji kwa jirani, kwa kuwa betri ndiyo hiyo.

Wasalimie hao marafiki zako watatu. Waambie baba yako anawashukuru kwa kukualika na kwamba anajua majina yao yote.

Ni mimi baba yako.

Tena: barua hii mdogo wako ameipiga picha kurasa tano ndipo akutumie. Mama yako akikupigia kuuliza baba kaandika nini, msomee zote isipokuwa ukurasa wa tatu. Mdogo wako anajifanya hakuusoma, lakini tangu jana jioni yuko kwa baba yako mdogo anamchotea maji, na hakuna aliyemtuma.