Barua ya wazi kwa maafisa ustawi wa jamii: fungeni mlango

Wanangu,

Mbukwenyi, nawasalimu kwa Kigogo. Nimestaafu, magoti yanauma, na nilijiapiza nisiwaseme tena vijana. Ila Ijumaa iliyopita nilikuwa kwenye foleni ya dawa za presha, hospitali moja hapa Dodoma, nikaona jambo lililoninyima usingizi.

Bibi mmoja aliingia chumba cha ustawi kufuatilia msamaha wa matibabu. Mlango wazi. Akafungua pindo la kanga, akatoa barua ya mtendaji wa kijiji iliyokunjwa mara nne, pamoja na noti ya elfu mbili, nauli ya kurudia. Kijana wetu, macho kwenye simu, akauliza kwa sauti ya mnadani: "Una watoto wangapi? Na wote wanashindwa kukulipia?" Benchi zima tukageuka. Bibi akajibu taratibu kwamba mmoja yuko Dar es Salaam, anaomba kwenye mataa. Mtu akacheka. Bibi akakunja barua yake, akafunga pindo, akatoka.

Mnajua tunavyosemwa sisi Wagogo kwa habari ya kuomba. Na yule mama wala hakuja kuomba! Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 inamhesabu mzee kuanzia miaka 60, na asiye na uwezo atibiwe bure. Alifuata chake.

Wateja wana moyo wa kusamehe, jamani. Utachelewa, watakusubiri. Utawaambia halmashauri haina fungu, watashukuru. Kuanikwa hawasamehi. Mwanamke aliyepigwa akisikia habari zake kisimani kesho yake, kwako harudi. Anarudi kwa aliyempiga. Niliwahi kumpoteza mmoja hivyo, kwa mdomo wangu mwenyewe, nikipiga soga na karani. Ndiyo maana nawafokea.

Mengine mnayajua: amkia kabla hujauliza jina, usiahidi usichoweza, usimcheke mlevi, ukipewa ugali wa uwele na mlenda, nawa ule.

Lawama si zenu peke yenu. Afisa mmoja anabebeshwa kata kadhaa, bodaboda analipa mfukoni mwake, meza anagawana na mhasibu. Jengo jipya likijengwa, ustawi wanapewa kachumba chini ya ngazi. Na sisi wananchi tunawakumbuka siku ya kudai matunzo ya mtoto tu. Nimeyasema hayo vikaoni mpaka sauti ikakauka; wakubwa huitikia kwa kichwa, kisha chai inaletwa. Lakini kufunga mlango, wanangu, kunasubiri bajeti gani?

Yule bibi nilimkimbilia hadi getini, na Jumatatu nikamrudisha mwenyewe. Zamu alikuwa binti mwingine. Akasimama, "Shikamoo bibi, karibu," akamvutia kiti, kisha akanitazama mimi kwa adabu mpaka nikaelewa. Nikatoka, mlango ukafungwa. Walikaa humo karibu nusu saa. Nilitega sikio, nakiri, sikuambulia hata neno.

Ni mimi mama yenu,
Afisa ustawi mstaafu, Dodoma