Tusiwafundishe watoto kuwacheka waliokufa kwa tauni

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme jambo linalonisumbua tangu juma lililopita, mjukuu wangu aliporudi na daftari lake la historia. Alikuwa amechora mtu mwenye joho refu na barakoa yenye mdomo kama wa korongo, na chini yake ameandika: "Daktari wa Kifo Cheusi, 1348." Nikamuuliza amejifunza nini. Akanijibu, "Bibi, watu wa zamani walikuwa wajinga. Walikuwa hawaogi, ndiyo maana wakafa."

Mtoto simlaumu, na mwalimu wake simtupii mawe. Nami nimefundisha historia hadi kustaafu, najua kipindi cha dakika 40 kinavyoyoyoma. Lakini barakoa ile ni ya karne ya 17, karibu miaka 300 baada ya Kifo Cheusi, ile tauni kuu iliyoikumba Ulaya. Na waliokufa hawakuuawa na kutooga. Tauni huletwa na bakteria wanaoenezwa na viroboto wa panya, na ikishafika mapafuni mgonjwa humwambukiza mwenzake kwa kukohoa tu. Msafi na mchafu walizikwa pamoja. Kati ya 1347 na 1351 Ulaya ilipoteza kati ya theluthi moja na nusu ya watu wake. Kumwambia mtoto kwamba umati wote huo ulikufa kwa ujinga ni kumnyima somo lenyewe.

Wanafunzi wetu wanamjua Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco. Wanakariri kwamba alifika Kilwa mwaka 1331 na kumsifu sultani wake kwa ukarimu, kisha tunafunga kitabu. Kwa nini tusifuatane naye mbele kidogo? Julai 1348 alikuwa Dameski, huko Syria, tauni imeshaingia. Anasimulia jinsi mtawala alivyoamuru watu wafunge siku tatu, na sokoni kusipikwe chakula mchana. Siku ya tatu watu walijaa Msikiti Mkuu, wakakesha wakiomba. Alfajiri wakatoka miguu mitupu, Waislamu na misahafu mikononi, Wayahudi na Taurati yao, Wakristo na Injili yao, wanawake na watoto wamo, wote wanalia na kuomba. Baadaye, akiwa njiani kurudi kwao Tangier, akapata habari kwamba mama yake naye amekufa kwa tauni hiyo hiyo. Mtu huyu aliswali Kilwa. Mtoto akimfuata hadi hapo, sidhani kama atamcheka.

Halafu apelekwe Strasbourg, ambayo leo ni mji wa Ufaransa. Tarehe 14 Februari 1349 Wayahudi wa mji ule, mamia kwa mamia, walichomwa moto kwa tuhuma ya kutia sumu visimani. Siku hiyo tauni ilikuwa bado haijafika Strasbourg. Hilo ningependa lisomwe darasani mara mbili, polepole. Papa Klementi wa Sita alikwisha kutoa waraka mwaka uliotangulia akisema wazi kwamba Wayahudi nao wanakufa kwa ugonjwa huo, na kwamba unaua hata mahali ambako hakuna Myahudi hata mmoja. Hoja ilikuwepo, nyepesi kiasi cha mtoto wa darasa la tano kuielewa. Watu waliisikia na bado wakawasha moto. Mwanafunzi aulizwe ni kwa nini.

Na wasomi je? Mwaka 1348 mfalme wa Ufaransa aliwauliza matabibu wa Chuo Kikuu cha Paris chanzo cha balaa lile. Wakamjibu kwamba sayari za Zohali, Mshtarii na Mirihi zilikutana angani Machi 1345, zikaharibu hewa. Walikosea, lakini walikosea kwa kufuata elimu bora waliyokuwa nayo. Wakati huo huo, huko Granada, Hispania, tabibu Ibn al-Khatib alikuwa akiangalia wagonjwa wenyewe. Akaandika kwamba anayegusana na mgonjwa huugua, anayejitenga husalimika, na kwamba maradhi hupita kwenye nguo, kwenye vyombo, hata kwenye hereni. Bakteria hakuna aliyekuwa amewaona. Daktari Alexandre Yersin aliwatambua Hong Kong mwaka 1894.

Sisi wa Tanga tunayo sababu ya ziada ya kulifundisha somo hili kwa heshima. Tauni ilikuwa Lushoto kuanzia mwaka 1980, ikawa inarudi msimu baada ya msimu kwa zaidi ya miaka 20. Nimeona mitoki ya tauni kwa macho yangu. Nimeona pia nyumba iliyopata mgonjwa wa kwanza ikinyooshewa vidole, mama wa nyumba ile akikosa wa kumsindikiza kisimani. Tulikuwa na sindano, tulikuwa na redio, na maofisa wa afya walipita nyumba kwa nyumba wakieleza habari za panya na viroboto. Vidole vilinyooshwa vivyo hivyo.

Kwa hiyo ninawaomba walimu, na hasa watunga mitihani, waache kuitaja tauni kama mstari mmoja tu chini ya "sababu za kuanguka kwa ukabaila". Hata hilo la ukabaila lina utamu wake likielezwa: vibarua walipopungua Uingereza wakadai ujira mkubwa zaidi, na mwaka 1351 bunge likatunga sheria ya kuwazuia. Lakini mwanafunzi anayeambiwa "taja sababu tano" atazitaja tano na kuzisahau akishatoka chumba cha mtihani.

Mimi nilipokuwa kazini nilijaribu njia nyingine. Niliwageuza kidato cha tano kuwa baraza la Ragusa, mji wa bandari ambao leo unaitwa Dubrovnik, nchini Croatia. Mwaka 1377 baraza hilo liliamua kwamba atokaye kwenye tauni asiingie mjini kabla ya kukaa siku 30 mahali pa kando, kikiwemo kisiwa kidogo cha mawe kiitwacho Mrkan. Baadaye siku zikawa 40, na kutokana na arobaini hiyo, kwa Kiitaliano quaranta, sisi tumepata neno karantini. Wanangu wale walibishana kweli kweli. Wenye kucheza wafanyabiashara walikataa katakata bandari kufungwa, waliocheza matabibu wakataka ifungwe siku hiyo hiyo. Ndipo binti mmoja wa dawati la nyuma, ambaye muhula mzima sikuwa nimesikia sauti yake, akanyanyua mkono akauliza: "Mwalimu, hao waliopelekwa kisiwani, nani alikuwa anawapelekea chakula?"

Baraza likanyamaza. Kengele ililia, na hakuna aliyeondoka.

Mwalimu mstaafu,
Tanga