Kusaidiana hakutawakinga ndege na joto

Mhariri,

Naomba nafasi nijibu hoja ninayoisikia mara kwa mara miongoni mwa wapenda mazingira, kwamba ndege wanaolea makinda kwa kusaidiana watayahimili mabadiliko ya tabianchi kuliko wengine. Hoja hiyo ina ukweli ndani yake, lakini imevutwa kupita kiasi.

Ukweli wake unaonekana Laikipia, katika kituo cha utafiti cha Mpala, ambako Dustin Rubenstein wa Chuo Kikuu cha Columbia na wenzake, wakiwemo Wakenya, wamewafuatilia kwezi wenye mgongo wa buluu na tumbo la rangi ya kutu tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000. Kwezi hao huzaa wakati wa masika na wa vuli, na mvua za huko hazina uhakika: msimu huu wadudu ni tele, msimu ujao baba na mama peke yao hawapati cha kuwatosha makinda. Hapo ndipo wasaidizi, wa ukoo na wasio wa ukoo, hupeleka chakula kiotani, na utafiti uliochapishwa mwaka 2025 umeonyesha kwamba anayesaidia msimu mmoja huweza kusaidiwa baadaye na yule yule aliyemsaidia. Huko Nakuru, Stephen Emlen aliyewachunguza keremkerem wa paji jeupe alikuta vivyo hivyo kwamba wasaidizi huongezeka hali inapokuwa ngumu.

Hata hivyo, mvua isiyotabirika ni shida moja na joto kali ni nyingine. Katika jangwa la Kalahari wapo zogoyogo weupe kwa weusi, nao pia hulea kwa pamoja. Utafiti wa mwaka 2020 ulionyesha kwamba ukame unapoambatana na joto vifo huongezeka, na walio katika makundi makubwa hawanusuriki kuliko walio katika makundi madogo. Joto la mchana likizidi nyuzi 35.5 za selisiasi, ndege hutumia muda mwingi akihema, hata hashibi kiasi cha kurudisha uzito alioupoteza usiku. Msaidizi naye yumo katika joto hilo hilo, basi atamlisha nani?

Kwa hiyo nawasihi wanaopanga uhifadhi wasiwaondoe ndege hawa katika hesabu ya walio hatarini kwa sababu tu wanashirikiana, na wazuie ukataji wa migunga kwa ajili ya mkaa, maana kivuli chake wasaidizi hawawezi kukileta.

Msomaji wako,
Nanyuki