Kabla Hujakabidhi Ufunguo

Kwako Rehema, rafiki yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu nyingi. Mimi ni mzima wa afya, baba na mama hawajambo, hofu na mashaka ni juu yako wewe uliyebaki na sura ya mwisho ya tasnifu na nyumba nzima ya kufungasha peke yako. Najua nimekaa kimya miezi minne. Kila nilipokaa kukuandikia nilitaka kueleza yote kwa mara moja, na kwa kuwa yote hayaelezeki kwa mkao mmoja, niliiweka kalamu chini na kesho yake nikaanza upya. Leo siwezi kuahirisha tena, kwa sababu Zuhura ameniarifu kwamba mkataba wa ile nyumba tuliyoishi pamoja unakwisha mwisho wa mwezi huu na kwamba utakabidhi ufunguo kabla ya hapo.

Waama baada ya salamu, nina ombi: nakuomba uipige picha ile meza ya jikoni kabla watu hawajaja kuichukua.

Wiki mbili zilizopita nilianza kuzipanga picha zangu za miaka mitano ya masomo, kuanzia siku niliyofika na masanduku yangu mawili hadi siku niliyoondoka. Zimetimia elfu kumi na moja na ushei. Nina picha 46 za siku ya mahafali peke yake, karibu zote zikionyesha watu walewale katika majoho yaleyale mbele ya ukuta uleule. Nina picha za safari, za mikutano ya kitaaluma, za watu waliokuja kututembelea na ambao majina yao nimekwisha kuyasahau. Nikaitafuta meza. Nikaitafuta siku tatu, mwaka kwa mwaka, nikidhani labda imejificha nyuma ya mtu fulani, na nilichokipata ni kona yake moja tu, nyuma ya boksi la vitabu, katika picha niliyoipiga wiki ya kufungasha. Meza tuliyoandikia tasnifu mbili, tuliyosomeana barua za kukataliwa na za kukubaliwa, iliyokuwa na mguu mmoja mfupi tuliouwekea karatasi iliyokunjwa mara nane, haimo. Wala haimo ngazi, wala dirisha la chumba changu, wala wewe ukiwa umekaa tu bila tukio lolote.

Nimekuwa nikiifikiria sana picha ile ya Louis Daguerre, Mfaransa mmoja wa waanzilishi wa upigaji picha, ya mwaka 1838, ya barabara ya Boulevard du Temple huko Paris. Barabara ilikuwa na pilikapilika, lakini bamba la kunasia picha ndani ya kamera lilihitaji dakika kadhaa kupokea mwanga, kwa hiyo watu na magari ya farasi waliokuwa wakipita hawakuacha hata kivuli. Aliyebaki kuonekana waziwazi ni mtu mmoja aliyekuwa amesimama akisafishiwa viatu, pamoja na yule aliyekuwa akimsafishia. Mashine yake ilishika vilivyotulia na ikavipoteza vilivyokuwa vikipita. Kamera yangu hunasa picha kwa sehemu ndogo sana ya sekunde, na bado mimi nimefanya kinyume chake: vilivyokuwa vikipita ninavyo vyote, na vilivyotulia pale miaka mitano vikinisubiri niviangalie vimenipotea. Jambo hili limeniuma kuliko nilivyotarajia.

Nilipoanza kufungasha ndipo nilipojiwekea utaratibu wa picha moja kila siku, ya jambo la kawaida, bila kuchagua siku nzuri. Wazo nililipata kwa Jamie Livingston, mpiga picha wa New York, aliyepiga picha moja ya Polaroid (zile zinazotoka kwenye kamera papo hapo) kila siku tangu tarehe 31 Machi 1979 hadi tarehe 25 Oktoba 1997, siku aliyofariki dunia akitimiza miaka 41. Kinachonigusa kwake ni kwamba hakuziruka siku zisizo na kitu. Mimi nilianza siku ile tulipogawa vitabu, na kwa bahati mbaya meza ilikuwa imekwisha kufunikwa na maboksi yangu. Nilipiga rafu tupu, taa ya kusomea niliyomwachia jirani wa chini, koti ambalo halikuweza kuingia katika kilo 23 nilizoruhusiwa, alama nyeupe ukutani palipokuwa na ratiba yetu. Kitu nisichoweza kukibeba nilikipiga picha, kisha nikakitoa. Ilinisaidia kuagana navyo, ingawa kwa lile koti haikusaidia.

Kuna jambo jingine dogo linalohusu ile diski niliyokuachia, yenye nakala za picha zangu. Usiiweke katika mizigo mikubwa utakapohama. Ibebe mkononi, pamoja na betri zako za akiba za kamera, ambazo hata hivyo hazitakiwi kuwekwa katika mzigo unaoingia chini ya ndege. Wanaoshughulika na kuhifadhi picha husema uwe na nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, na moja iwe mbali na ulipo. Iliyo mbali ni hiyo uliyo nayo. Namkumbuka Vivian Maier, yule yaya wa Chicago aliyepiga picha za mitaani maisha yake yote: mwaka 2007 vitu alivyovihifadhi katika ghala viliuzwa kwa mnada kwa sababu ya kodi iliyolimbikizwa, ndani yake zikiwamo filamu nyingi ambazo hazikuwa zimesafishwa, na mwaka 2009 alifariki dunia kabla ulimwengu haujamjua. Picha ambazo mwenyewe hakuwahi kuziona! Tangu niliposoma habari hiyo nimeamua kila mwisho wa mwezi nikasafishe picha chache, niandike tarehe nyuma yake kwa penseli, na kumpa mama aziweke anapotaka.

Na hapa ndipo nilipofika kwenye jambo linaloninyima usingizi.

Niliporudi, siku tisa za kwanza nilisahau kurekebisha saa ya kamera, na ikaendelea kufuata saa za huko kwenu, wakati simu ilijirekebisha yenyewe. Kompyuta ilipozipanga picha kwa saa iliyoandikwa ndani ya kila faili, zikachanganyika: baba anafunga mlango usiku kabla hajaufungua alasiri, na mimi nashuka na masanduku baada ya kuwa nimekwisha lala. Nimezirekebisha sasa, lakini siku zile nilizoishi zilikuwa hivyohivyo. Mwili ulikuwa hapa na saa yangu ilikuwa huko. Chumba changu cha zamani kimekuwa stoo, kwa hiyo ninalala kati ya vitu vyao, na kila asubuhi ninapiga picha moja: viatu vitatu vya baba mlangoni (kimoja hakina mwenzake na hataki kitupwe), dawa zake zilizopangwa dirishani kwa siku za juma, miwani ya mama juu ya redio. Vitu hivi vilikuwapo nikiwa mbali, au vilikuja nikiwa mbali, na sikuviona vikija. Nilipoondoka, dirisha lile halikuwa na dawa.

Baba hupenda. Huniuliza jioni picha ya leo ni ipi, akaiangalia kwa muda mrefu, akarudisha simu bila neno. Mama ndiye aliyeniambia, siku nilipompiga picha akiwa ameinama anafunga mlango wa nyuma: "Mbona unatupiga picha kama watu wanaoaga?" Sikuwa na jibu. Nilisema ni mazoezi tu, na hilo lilikuwa jibu baya, kwa sababu alikuwa amesema kweli na mimi nikamkanushia. Kwa wiki nzima sikuinua kamera mbele yake. Kisha nilimweleza: kwamba nimekaa miaka mitano mahali ambapo sasa siwezi kupaona hata kwenye picha, na kwamba sitaki kurudia kosa hilo nyumbani kwangu mwenyewe. Alinisikiliza, akasema basi niwe namwambia kwanza, nisimvizie. Tumekubaliana hivyo. Ni kweli kwamba picha hubadilika mtu akijua. Hujinyoosha, hurekebisha nguo. Lakini nimeona kwamba nikikaa naye muda wa kutosha hurudi kwenye kazi yake na kunisahau, na picha inayopatikana hapo ni yake kwa ridhaa yake.

Kwa sababu hiyo lazima nikuungamie jambo. Katika kupanga picha nimekuta moja niliyokupiga mwaka wa tatu, usiku ule uliorudi kutoka kwa msimamizi wako na kurasa zako zote zikiwa zimekatwa kwa wino. Umekaa kwenye ngazi, umeshika begi kifuani, unalia, na hujui kwamba nipo nyuma yako. Sikukuomba ruhusa. Ni picha ya kweli kuliko zote 46 za mahafali, na naipenda kwa sababu asubuhi yake ulianza kuziandika upya kurasa zile. Lakini ni machozi yako, si yangu. Hadi utakaponijibu, sitaisafisha wala kumwonyesha mtu. Ukisema niifute, nitaifuta, nawe uifute iliyo kwenye diski.

Nimejiuliza pia kama kamera hainiibii kumbukumbu badala ya kunihifadhia. Mwaka 2014 mtafiti wa saikolojia aitwaye Linda Henkel alichapisha majaribio aliyoyafanya katika makumbusho: watu walikumbuka vibaya zaidi vitu walivyovipiga picha vikiwa vizima kuliko vile walivyoviangalia tu. Lakini walipotakiwa kuisogeza lenzi kwenye sehemu moja ya kitu, kumbukumbu yao haikudhurika. Nimeliona hilo kwangu. Siku ninazopiga sebule nzima sikumbuki chochote jioni. Siku ninazoukaribia mkono wa mama kwenye komeo la mlango, naikumbuka hata sauti ya komeo.

Kwa hiyo, Rehema, ukiipiga meza usisimame mlangoni kuipata yote. Piga moja ya hivyo ukitaka, kisha ukae kwenye kiti chako, uishushe kamera hadi usawa wa macho yako, upakaribie mahali ulipozoea kuweka viwiko. Nyingine uipige ukiwa kwenye kiti changu, ukiangalia upande wako. Na kama unaweza kuinama, nipatie ule mguu mfupi na karatasi yake, kama haijatolewa. Asubuhi ni bora, mwanga unapoingia kwa dirisha la kushoto, usiwashe taa.

Nikwambie pia kwamba mama ameanza kuichukua kamera. Juzi nimeikuta picha nisiyoijua: mimi nimelala mchana, na pembeni yangu kuna sanduku la madaftari ya utafiti ambalo tangu nifike sijalifungua. Kazi bado sijapata, nadhani Zuhura amekwambia. Nilikuwa naamini nimetulia. Nimeiangalia picha hiyo mara nyingi, na siku hiyohiyo jioni nililifungua sanduku, nikatoa daftari la kwanza, nikalirudisha. Ni hapo nilipofikia.

Sasa niambie yako. Sura ya mwisho imefika wapi, na msimamizi anajibu siku hizi au bado mnamsubiri? Unahamia wapi ufunguo ukishakabidhiwa, na ni nani atakayekusaidia kubeba? Ile ramani ya ukutani uliichukua wewe au ilitupwa? Unalala vizuri? Wewe mwenyewe una picha yangu yoyote ya siku ya kawaida, hata iliyotikisika, nikiwa nimekaa mahali petu? Na je, kuhusu ile ya ngazi, unasemaje?

Nijibu upesi, hata kwa mistari michache, maana mwezi unakwisha. Na tafadhali usiifute meza kwanza. Iache na karatasi zako na vikombe vyako kama vilivyo.

Wako akupendaye,
Neema