Miaka 60 ya ushindi wetu wa Safari Rally imepita kimya, kwa nini?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye safu ya barua nitoe la moyoni, na kama itakuwa ndefu kidogo basi mnivumilie tu.

Mwaka jana kurasa za michezo zilijaa habari za Formula 1 kutimiza miaka 75, tukasoma jinsi mbio za kwanza za ubingwa wa dunia zilivyofanyika Silverstone kule Uingereza Mei 13, 1950 na Giuseppe Farina akashinda na Alfa Romeo. Kabla ya hapo, 2023, tukaletewa miaka 100 ya Le Mans, zile mbio za magari za saa 24 kule Ufaransa, Ferrari wamerudi na wakachukua kombe. Nilizisoma zote na nilifurahi, mimi magari nayapenda toka utoto. Ila mwaka huu 2026 kuna miaka 60 ya kwetu wenyewe, na Pasaka imekuja imepita sijaona hata aya moja gazetini, si kwako si kwa wenzako, redioni kimya, hapa Arusha kwenyewe kimya.

Nasema hivi, Pasaka ya 1966 watu waliotokea Tanzania walishinda East African Safari Rally, mbio za magari za Afrika Mashariki. Dereva alikuwa Bert Shankland, msoma ramani wake Chris Rothwell, gari Peugeot 404. Pasaka iliyofuata, 1967, wakarudi wale wale, na Peugeot 404 tena, wakashinda tena! Mara mbili mfululizo. Na toka hapo mpaka leo bado tunasubiri mwingine. Sasa nikiwauliza vijana hapa mjini, hata wale wanaojua Lewis Hamilton wa Formula 1 ana ubingwa wa dunia mara ngapi (ni saba, wanajua vizuri sana), hakuna hata mmoja aliyewahi kusikia jina la Shankland. Siwalaumu, watalijuaje na hakuna aliyewaambia?

Ndugu Mhariri, wasomaji wako wengine wanaweza kudhani Safari ya enzi zile ilikuwa kama hii ya sasa inayozunguka Naivasha, ambapo barabara inafungwa, gari linakimbia kipande kwa kipande, na jumla ya kilomita za kushindania ni 300 na kitu. Hapana. Ile ilikuwa kama kilomita 5,000 usiku na mchana, kwenye barabara ambazo hazijafungwa, yaani unakutana na basi, lori la mkaa, ng'ombe, watu wanatoka kanisani maana ni Pasaka. Ilianza 1953, mwezi Mei kuingia Juni, wakati wa kutawazwa Malkia Elizabeth, ikiitwa Coronation Safari, na njia yake ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Ilipofika 1960 ikaitwa East African Safari Rally. Hesabu yake ilikuwa ya adhabu, kila kituo kina muda wake wa kufika, ukichelewa unaandikiwa dakika zako, na mwisho wa safari mwenye adhabu chache ndiye bingwa. Kwa hiyo anayekimbia sana alikuwa hana uhakika wa kitu, kinachotakiwa ni gari lifike na lifike kwa saa.

Na Pasaka kwetu huku mnajua ni masika. Mwaka 1963 na tena 1968 mvua ilifanya kazi yake, kila mwaka katika hiyo miwili magari yaliyomaliza yalikuwa saba tu! Mengine yote yalibaki njiani kwenye tope. Nick Nowicki ndiye alishinda yote mawili, na yeye pia kwa Peugeot 404. Ukiweka na ya Shankland unaona 404 ilichukua Safari mara nne ndani ya miaka sita, na haikuwa gari la ajabu, ilikuwa gari la kawaida ambalo baadaye lilibeba abiria na mizigo yetu huku miaka na miaka.

Kuna fundi mmoja maeneo ya Unga Limited hapa Arusha, mzee wa watu, bado anayo 404 yake pale gereji na inawaka. Siku moja alinifungulia boneti nikabaki nashangaa, injini haijasimama wima kama hizi tulizozoea, imelazwa ubavuni, imeinamia upande mmoja, ndiyo maana boneti lenyewe liko chini. Gia iko kwenye usukani. Mbele chini ya bampa kuna tundu la kuingizia hendeli, betri ikifa unazungusha kwa mkono unaondoka zako. Injini ni ya lita 1.6 tu. Akanambia nisukume kona ya mbele kwa mikono miwili nione springi, nikasukuma, gari likashuka polepole likapanda polepole bila kurukaruka, akasema hiyo ndiyo siri ya kwenye mashimo, tairi halitoki chini. Mimi nilikuwa nimesoma habari za 1966 siku nyingi lakini siku ile ndiyo nilielewa watu wawili walikaaje ndani ya kitu kile siku na usiku, bila simu, bila helikopta juu inayowaambia mbele kuna nini, wakafika.

Najua kuna watu watasema Shankland alikuwa Mzungu wa Uskochi, sasa sisi tunasherehekea nini. Nimelisikia hili kwenye mazungumzo na naomba nilijibu kwa heshima. Joginder Singh ni Singasinga wa Kericho, alishinda Safari 1965 na Volvo, akashinda tena 1974 na 1976 kwa Mitsubishi, na Wakenya wanamwita wao na wako sahihi. Shekhar Mehta alizaliwa Uganda, familia yake ikaondoka kule 1972 wakati wa Amin, akahamia Kenya, na ameshinda Safari mara tano, 1973 halafu 1979, 80, 81 na 82, Kenya inamhesabu kama wake na hakuna anayebisha. Hiyo ya 1973 ndiyo Safari ya kwanza kuwa ndani ya ubingwa wa dunia wa rali, na Mehta alilingana adhabu kabisa na Harry Källström wa Sweden ikabidi watafute kigezo kingine cha kuwatenganisha, wote wawili kwenye Datsun. Wakenya hadithi hiyo wanaijua mpaka watoto. Shankland aliishi Dar es Salaam, akaingia mashindanoni akitokea Tanzania, na kwenye orodha ya washindi ameandikwa wa Tanzania. Sisi wenyewe ndio tumemwacha.

Halafu kwa sisi watu wa kaskazini kuna la ziada, maana Safari ile ilikuwa inapita kwetu. Wazee wa Mbulu na Manyara waulizeni habari za mlima wa Magara, ule ukuta wa Bonde la Ufa unapotoka chini upande wa ziwa kupanda Mbulu, kona juu ya kona, upande mmoja jiwe upande mwingine hewa. Leo ukipita pale na gari la kawaida bado mikono inatoa jasho, na hapo barabara imeshatengenezwa na daraja lipo. Wale walipita enzi ya udongo mtupu. Madereva wa dunia nzima wa zama hizo wanalijua jina la Magara, nenda leo pale juu uone kama kuna hata kibao kidogo kinachosema hapa ilipita Safari. Hakuna kitu.

Kuanzia 1974 jina la Afrika Mashariki likatoka, ikabaki Safari Rally ya Kenya. Miaka mitatu baadaye Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika na mpaka wetu na Kenya ukafungwa, na nadhani hapo ndipo kumbukumbu ilipokatika, maana kitu ambacho hakipiti tena mlangoni kwako watoto wako hawakijui. Jumuiya imerudi, makao yake yako hapa hapa Arusha, lakini Safari ilirudi kwenye ubingwa wa dunia 2021 baada ya miaka 19 ikiwa ya Kenya peke yake. 2023 wakafanya miaka 70 kwa shangwe, Sébastien Ogier akashinda, Toyota wakachukua nafasi nne za kwanza zote. Nawapongeza majirani kwa kweli, wameitunza. Nachosema mimi ni kwamba miaka 20 ya kwanza ile ilikuwa ya wote, na miwili kati ya hiyo kombe lilikuja huku.

Sasa kwa 2026 tumeshachelewa kidogo, lakini 2027 bado haijafika na naomba sana tusiiache. Angalieni 1967 ilikuwa mwaka gani kwa mji huu. Februari 5 Azimio la Arusha. Machi 26 Pasaka, wikiendi ambayo Shankland na Rothwell walishinda mara ya pili. Juni mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ukasainiwa Kampala na makao makuu yakawekwa Arusha. Vyote vinatimiza miaka 60 mwaka mmoja, na mwaka huo huo ndio Kenya, Uganda na Tanzania tumepewa AFCON kwa pamoja, nchi zile zile tatu za rali ile. Azimio litakumbukwa, Jumuiya itakumbukwa, hotuba zitakuwepo. Hii ya magari isiposemwa na magazeti ya michezo haitasemwa na mtu.

Ombi langu kwako ni hili. Gazeti litume mwandishi maktaba afungue magazeti ya Aprili 1966 na Machi 1967, Uhuru lilikuwepo, Ngurumo lilikuwepo, tuone watu wetu waliandikaje kwa Kiswahili siku ile matokeo yalipotoka, mtuchapie kurasa zile kama zilivyo. Pili, watafutwe wazee waliosimama barabarani, Makuyuni, Mbulu, Moshi, waliofanya kazi kwenye vituo vya muda, waliosukuma magari kwenye tope. Aliyekuwa na miaka 15 wakati ule leo ana 75, hawa watu bado tunao lakini hatutakuwa nao siku zote, na hii ndiyo inayonifanya niandike kwa haraka. Na wale wanaosimamia mbio za magari hapa nchini naomba wafikirie kuanzisha walau mbio moja ya kanda ya kaskazini Pasaka ya 2027, ipite Magara, magari ya zamani yaruhusiwe hata kama ni ya kupita tu bila kushindana. Mashindano ya magari ya kale ya Safari Classic yalianza 2003 kwa ajili ya kuadhimisha miaka 50, kwa hiyo hili si jambo geni, wenzetu walishafanya na watu walikuja kutoka Ulaya na magari yao kwenye meli.

Yule fundi wa Unga Limited nimeshamuuliza, amesema 404 yake iko tayari, anataka tairi mbili za nyuma tu. Kwa wasomaji wenye picha za Safari za zamani kwenye albamu za nyumbani, Arusha, Moshi, Karatu, Babati, popote, tafadhali msizitupe, andikeni nyuma mwaka na mahali zilipopigwa halafu muwasiliane na mhariri, akikubali mimi niko tayari kupita kuzikusanya.

Wako msomaji wa siku nyingi,
Mpenzi wa rali,
Sakina, Arusha.