Shukrani kwa aliyeinusuru printa yetu ya pamoja

Ndugu yangu, jina lako sikulipata, lakini asante sana. Printa yetu ya ofisi ilikuwa imegoma kuchapisha pande mbili. Kwenye baadhi ya kompyuta chaguo lenyewe halikuonekana. Kwingine lilikuwepo ila limefifia, halibofyeki. Wengi walishaamini mashine imekufa.

Wewe hukugusa hata bisibisi. Ulichapisha ukurasa wa majaribio kutoka kwenye printa yenyewe, ukatoka pande zote mbili, ukasema, “Mashine ni nzima, tutazame seva,” yaani kompyuta kuu inayoziunganisha kompyuta zetu na printa. Na kweli. Draiva, yaani programu inayoiwezesha kompyuta kuiendesha printa, ilipowekwa upya iliisajili printa kana kwamba haina kifaa cha kugeuza karatasi. Ukafungua mipangilio yake kwenye seva, ukaonyesha kwamba kifaa hicho kimo, na chaguo likarudi kwenye kompyuta zetu bila kuzipitia moja moja.

Kilichonigusa zaidi ni kwamba hukuondoka hapo. Dada wa masjala alilalamika kuwa kurasa za nyuma zinatoka kichwa chini. Ukamweleza taratibu: waraka wa wima hugeuzwa kwa ukingo mrefu, wa mlalo kwa ukingo mfupi. Ukaongeza kwamba trei ya karatasi ikiwekwa kwenye mipangilio kuwa ya lebo au karatasi nzito sana, printa nyingi hukataa kugeuza, hata kama ndani mna karatasi ya kawaida ya A4. Hakuna aliyewahi kutufafanulia hayo kwa upole namna ile.

Maelezo yako tumeyabandika ukutani, juu ya printa. Mungu akuzidishie, ndugu yetu.